Aliyeanguka Wakati wa Kukimbia: Somo juu ya Ulimi na Mlango

SOMO LA MWEZI KWA FAMILIA NA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13. Soma pia 2 Samweli 5:6-8, 16:1-4, 19:24-30, Marko 2:1-12.

Aya ya kukariri: Mambo ya Walawi 19:14.

Kusudi la somo: Kila familia ijifunze kumtaja mtu mwenye ulemavu kwa heshima, na kila kanisa liondoe kinachomzuia kuingia.

UTANGULIZI

 Nawasalimu ninyi mlio hapa kambini, pamoja na ndugu zetu waliobaki Bwera na mjini Kasese ambao karatasi hii huwafikia kwa mikono ya wasafiri.

Fungueni Mambo ya Walawi 19:14. Katika aya hiyo moja Mungu anakataza mambo mawili. La kwanza, usimlaani kiziwi. La pili, usimwekee kipofu kitu cha kumkwaza njiani. La kwanza ni dhambi ya ulimi, na la pili ni dhambi ya mikono. Tazameni jinsi zote mbili zinavyofanyika kwa siri. Kiziwi hasikii anapotukanwa. Asiyeona halioni jiwe lililowekwa mbele yake, wala hamwoni aliyeliweka. Kwa sababu hiyo aya inaishia kwa kumcha Mungu, maana Yeye alisikia na Yeye aliona.

Mwezi huu tutayafuata mambo hayo mawili, ulimi na mlango, katika maisha ya mtu mmoja ambaye historia yake inafanana sana na yetu. Jina lake ni Mefiboshethi.

I. MTOTO ALIYEANGUKA NJIANI

2 Samweli 4:4 inatueleza habari yake kwa maneno machache. Alikuwa na miaka mitano. Habari ilifika kutoka Yezreeli kwamba Sauli na Yonathani wameuawa vitani. Yaya wake alimbeba akakimbia. Katika haraka ile mtoto alianguka, na miguu yake yote miwili ikalemaa.

Wapendwa, nani kati yetu haijui haraka ile? Wengi wetu tulitoka Beni, Lubero au Rutshuru usiku, mtoto mgongoni na godoro kichwani. Wengi tuliingia Uganda kwa Mpondwe, tukapumzika Bwera, tukapita Kasese, ndipo tukaletwa kambini. Katika njia ile wako walioumia kwa risasi, kwa panga, kwa kuanguka mlimani, au kwa jeraha lililokosa dawa kwa wakati. Wako pia watoto waliozaliwa na ulemavu, na wazee ambao macho yao yamefifia wakiwa ukimbizini.

Mefiboshethi hakulemaa kwa sababu ya dhambi yake. Yaya pia hakuwa na kosa, maana alikuwa anaokoa maisha. Wanafunzi wa Yesu waliuliza katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe bila kuona, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Hata hivyo swali lile bado linatembea kati yetu. Mama akizaa mtoto mwenye ulemavu, majirani hunong'ona juu ya uchawi, juu ya laana ya ukoo, au juu ya jambo alilolitenda akiwa msichana. Mume wakati mwingine huondoka. Mtoto hufichwa nyuma ya turubai siku ya wageni. Siku HCR na ofisi ya Waziri Mkuu wanapohesabu watu, mtoto huyo asipotolewa nje, haandikwi. Asiyeandikwa hapati msaada wala kiti cha magurudumu, na shule haimjui.

Mzazi unayesoma haya, mtoe mtoto wako nje. Mlete kanisani, mwandikishe, mpeleke kituo cha afya. Hakuna haya mbele za Mungu wala mbele za kanisa.

II. ZIBA ALITAJA MIGUU, DAUDI ALITAJA JINA

Sasa soma 2 Samweli 9 polepole. Daudi anauliza kama yuko mtu aliyebaki wa nyumba ya Sauli ili amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Ziba, mtumishi, anajibu katika mstari wa 3. Anasema yuko mwana wa Yonathani, mwenye miguu iliyolemaa. Tafuta jina katika jibu lake, hutalipata. Ziba anamjua kijana huyu na anajua nyumba anamokaa, lakini mbele ya mfalme anamtambulisha kwa miguu yake.

Katika mstari wa 6 Mefiboshethi anafika na kuinama. Neno la kwanza kutoka kinywani mwa Daudi ni jina lake. Anamwita Mefiboshethi, basi. Na katika mstari wa 8 tunaona jinsi mtu anavyokuwa baada ya kutajwa miaka mingi kwa miguu yake, maana yeye mwenyewe anajilinganisha na mbwa aliyekufa. Neno ambalo watu humpa mtu kila siku, mwishowe hujipa mwenyewe.

Basi tuichunguze lugha yetu. Mmesikia watu wakisema, "Muulize yule kilema wa karibu na bomba," au, "Mama wa bubu amefika." Yule wa karibu na bomba ana jina. Huenda alikuwa mwalimu kule Oicha, na huenda anaimba sauti ya tatu kwaya. Yote hayo yamefunikwa na neno moja.

Wengine wanasema ubaya uko katika herufi za mbele, kwamba kilema, kipofu na kiwete zimewekwa pamoja na kiti, kisu na kijiko, kana kwamba mtu ni chombo. Liko jambo la kufikiri hapo. Lakini tunasema pia kijana na kiongozi, wala hakuna anayeona haya kuitwa hivyo. Tatizo kubwa ni kuchukua upande mmoja wa mtu na kuufanya kuwa jina lake lote. Ndiyo sababu leo tunasema "mtu mwenye ulemavu". Neno mtu linatangulia, kisha linafuata lile alilo nalo.

Ndugu zetu wa Tanzania walilitembea jambo hili kabla yetu, na majina ya vyama vyao yanatuonyesha safari hiyo. Chama cha zamani kinaitwa CHAWATA, yaani Chama cha Walemavu Tanzania. Vyama mbalimbali vilipokuja kuungana, shirikisho lao liliitwa SHIVYAWATA, yaani Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu Tanzania. Neno watu limeingia. Wasioona wana Chama cha Wasioona Tanzania. Lakini viziwi chama chao kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Wao hawalionei haya neno kiziwi, maana wana lugha yao ya alama na umoja wao. Tunapata fundisho hapa: kabla ya kuchagua neno kwa ajili ya mtu, sikiliza yeye mwenyewe anajiitaje.

Haya ni maneno ya kuacha na maneno ya kushika:

1. Acha "kilema" na "kiwete". Sema mtu mwenye ulemavu, au mtu mwenye ulemavu wa miguu ikiwa ni lazima kuutaja. Mara nyingi si lazima. Jina linatosha.

2. Acha "kipofu". Sema mtu asiyeona, au mwenye uoni hafifu ikiwa anaona kidogo.

3. Acha "bubu" kwa mtu ambaye ni kiziwi. Wengi wana sauti, na wana mikono inayosema. Asiyejua kuwasikiliza ni sisi.

4. Acha "zeruzeru". Sema mtu mwenye ualbino. Neno lile la zamani limebeba hofu na damu, maana katika nchi zetu za maziwa makuu watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya uchawi.

5. Acha "kichaa" na "mwendawazimu". Sema mtu mwenye ugonjwa wa akili. Vita imewagusa wengi katika akili zao, na ugonjwa huo una matibabu.

6. Mwenye kifafa usimwite mwenye pepo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Wengi wakinywa vidonge kila siku kama daktari alivyoagiza, huacha kuanguka au huanguka mara chache sana. Muombee, na umkumbushe vidonge vyake.

7. Acha "mkoma". Sema mtu mwenye ukoma, na akiisha kutibiwa, sema aliyepona ukoma. Hospitali ya Kagando, iliyo kati ya Bwera na mji wa Kasese, ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission katika miaka ya 1960 kwa ajili ya wenye ukoma. Leo ni hospitali kubwa ya watu wote. Mahali palipokuwa pa waliotengwa, sasa kila mtu anapanga foleni.

8. Acha "watu wasiojiweza" katika matangazo ya kanisa. Mtu huyo huenda anashona nguo, anafuga kuku na kusomesha watoto. Na zile herufi PSN za kwenye orodha za mashirika ni za karatasini. Jirani yako usimwite PSN.

9. Acha kusema "sisi wazima" au "sisi wa kawaida". Sema watu wasio na ulemavu.

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, mbona Biblia yetu inasema kipofu na kiwete?" Ni kweli, watafsiri walitumia maneno ya wakati wao, nasi tunayasoma kama yalivyoandikwa. Hata mimi nimeyasoma hapo juu. Lakini ukimaliza kusoma na kuanza kuhubiri, tumia maneno yanayojenga. Na usiseme kila mara "dhambi ni upofu" au "Wakristo viwete" kana kwamba ulemavu ni mfano wa kila ubaya. Yuko anayekusikiliza ameketi mstari wa nyuma.

III. MSEMO ULIOFUNGA NYUMBA

Katika 2 Samweli 5:6-8 tunakuta jambo zito. Daudi alipokwenda kuuteka Yerusalemu, adui walimdhihaki kwamba hata wasioona na wenye ulemavu wa miguu wangeweza kumzuia. Daudi akajibu kwa ukali, na kutokana na siku ile ukazuka msemo kwamba watu wa namna hiyo hawataingia nyumbani. Mnaona? Ulianza kama maneno ya vita, ukawa msemo wa watu, kisha ukawa mlango uliofungwa. Hivyo ndivyo ulimi na mlango vinavyoshikana.

Lakini geuza kurasa chache tu. Katika sura ya 9 mfalme yule yule anamketisha nyumbani mwake, mezani pake, mtu mwenye ulemavu wa miguu yote miwili. Na miaka mingi baadaye, katika Mathayo 21:14, wasioona na wenye ulemavu wa miguu wanamjia Mwana wa Daudi ndani ya hekalu lenyewe, naye anawapokea na kuwaponya.

Katika Marko 2 watu wanne wanamleta mwenzao aliyepooza, lakini mlango umejaa watu. Waliojaa pale walikuwa wamekuja kusikia Neno, hawakuwa watu wabaya. Ila hakuna aliyesogea. Wale wanne wakapanda wakafungua paa. Yesu hakuwakemea kwa kuharibu nyumba ya mtu, bali aliiona imani yao. Tunalipenda sana tendo lile. Tujiulize lakini, juma linalofuata mtu wa namna ile akija, tutavunja paa tena? Paa huvunjwa siku moja ya dharura. Baada ya hapo watu wenye imani hupanua mlango.

Serikali zetu pia zimeliona jambo hili. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 35, inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na kutunziwa utu wao, na Katiba hiyo hiyo inaagiza lugha ya alama iendelezwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Uganda iliuridhia 2008, na Kongo iliingia 2015. Uganda ilitunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu 2020, na Kongo ilitunga yake Mei 2022. Ibara ya 9 ya Mkataba inahusu jambo hili hasa: njia, majengo, usafiri na habari viweze kufikiwa na kila mtu. Itakuwa aibu kama ofisi ya serikali ina mlango mpana kuliko nyumba ya Mungu.

Haya yanawezekana hata kwa kanisa la miti na turubai:

MLANGO. Uwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, ili kiti cha magurudumu na mikono inayokisukuma vipite. Pasiwe na mti uliolazwa chini kizingitini.

NJIA YA KUPANDIA. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12. Kama kizingiti kina kimo cha sentimita 15, mteremko wake uwe na urefu wa sentimita 180. Usipokuwa na futi, kata kijiti sawa na kimo cha kizingiti, kisha ukipime ardhini mara 12. Ukifupisha, anayesukuma atashindwa kupanda, na anayeshuka ataanguka. Jaza mawe na changarawe, shindilia udongo, weka ukingo pembeni ili gurudumu lisitoke, na upande mmoja weka mti wa kushikia.

NDANI. Acha nafasi kati ya mabenchi. Kiti cha magurudumu kinahitaji kama mita 1 na nusu ili kigeuke. Toa benchi fupi katikati ya safu, mtu akae na mke wake na watoto wake. Usimweke peke yake nyuma karibu na mlango, wala mbele peke yake kama maonyesho.

CHOO. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakaacha kunywa maji Jumamosi ili wasisumbuke Jumapili. Mlango ufunguke kwa nje, pawe na nafasi ya kugeuka, kiti cha kukalia cha matofali au mbao chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50, na miti ya kushika pande zote mbili. Mtu anayetambaa kwa mikono anahitaji sakafu kavu na safi. Hebu fikiri mikono yake inagusa nini.

NJIA YA NJE. Mvua ikinyesha tope letu linamshinda hata mwenye miguu miwili. Funika mfereji kwa mbao imara, ondoa mawe na kamba za mahema.

HABARI. Tangazo la redio au la kipaza sauti halimfikii kiziwi. Tukumbuke mafuriko ya mto Nyamwamba huko Kasese, Mei 2013 na tena Mei 2020, na Ebola iliyothibitishwa wilayani humo Juni 2019 baada ya familia kuvuka kutoka Kongo. Siku kama hizo, neno lisilomfikia mtu laweza kumgharimu uhai. Kila kikundi cha nyumbani kiwe na mtu aliyeagizwa kwenda kumwambia jirani asiyesikia, kwa alama, kwa maandishi au kwa picha. Na asiyeona aambiwe yaliyobandikwa ubaoni.

IV. ZIBA NA PUNDA

Wengi huishia sura ya 9, lakini habari inaendelea. Katika sura ya 16 Daudi anakimbia Yerusalemu kwa sababu ya Absalomu. Ziba anamfuata na punda na chakula, na anamwambia kwamba Mefiboshethi amebaki akitamani ufalme. Daudi anaamini upesi na kumpa Ziba mali yote ya bwana wake. Katika sura ya 19 Mefiboshethi anafika, naye anaeleza. Alitaka kutandika punda aende na mfalme, kwa sababu ya miguu yake hakuweza kutembea, na mtumishi wake akamdanganya na kumsingizia.

Angalieni ilivyokuwa. Mwenye miguu alichukua punda, akafika wa kwanza, akasema badala ya mwenzake, akapewa mali. Daudi mwenyewe, aliyeanza vizuri, alikata shauri bila kumsikiliza mwenye jambo.

Siku ya mgao tunaona habari hii kwa macho. Wako wazee na watu wenye ulemavu ambao mtu mwingine huwachukulia chakula au fedha. Kuna wachukuaji waaminifu, Mungu awabariki. Lakini wako pia kina Ziba. Unga unafika nusu, mafuta hayafiki, na ukiuliza unaambiwa kipimo kimepunguzwa. Mashemasi, hii ni kazi yenu. Mtembeleeni mwenye kadi baada ya mgao. Muulizeni yeye mwenyewe, bila mchukuaji kuwepo, amepokea nini. Na kama anaweza kufika mwenyewe kwa kusukumwa, asukumwe hadi pale apokee kwa mkono wake.

Kosa la Daudi laweza kufanywa pia na mtu mwema, kwa kumwuliza mama habari za kijana wake mwenye miaka 25 ambaye ameketi pale pale. "Anakula? Anataka soda?" Muulize yeye. Katika Marko 10 umati ulimnyamazisha Bartimayo, lakini Yesu alisimama akamuuliza anataka afanyiwe nini. Bwana aliyejua yote aliuliza kwanza. Basi nasi tuulize. Usisukume kiti cha mtu kabla hajakubali. Usimvute asiyeona kwa fimbo yake. Taja jina lako, mpe kiwiko chako akishike, kisha tembea nusu hatua mbele. Ukizungumza na kiziwi, simama kwenye mwanga, umtazame yeye na si mkalimani wake.

Ndugu zetu viziwi waliosoma Kongo wanapofika hapa wanakuta lugha ya alama ya Uganda ni tofauti na waliyofundishwa. Wao ni wakimbizi mara mbili. Vijana wawili au watatu wakikaa nao kila juma wataanza kuzijua alama zao, na ibada haitakuwa kwao tena saa tatu za kutazama midomo ikifunguka.

V. MIGUU HAIKUPONA, MEZA HAIKUONDOLEWA

Tazama mstari wa mwisho wa sura ya 9. Unasema Mefiboshethi alikula mezani pa mfalme siku zote, na papo hapo unakumbusha kwamba alikuwa na ulemavu wa miguu yote miwili. Sura inaishia hapo. Hakuponywa ili aweze kuketi. Aliketi jinsi alivyo.

Sisi tunaamini Mungu anaponya, nami nitaendelea kuomba pamoja na kila anayetaka maombi. Lakini mtu akiletwa mbele kila Jumapili, akiambiwa ainuke, na asipoinuka akaambiwa hana imani, tumemwongezea mzigo juu ya mzigo. Muulize kama anataka kuombewa, na kwa jambo gani. Huenda anataka kuombewa mtoto wake afaulu mtihani. Na akiwa na karama, apewe kazi: kufundisha shule ya Jumapili, kushika hesabu, kuongoza nyimbo, kuhubiri. Mimbari nayo iwe na mteremko.

Kumbukeni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu umri wa miaka 11 kwa sababu ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Alifika Ghana 1957 akaanzisha shule ya viziwi huko Accra, kisha akaendelea nchi kwa nchi, Kongo ikiwemo, hata shule alizozianzisha zikapita 30. Alihubiri Injili kwa mikono yake. Alifariki katika ajali ya ndege karibu na Gisenyi, Rwanda, jirani kabisa na Goma, tarehe 3 Desemba 1987. Miaka mitano baadaye, 1992, Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe hiyo hiyo ya 3 Desemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Kama watu wangemwita "bubu" na kumwacha mlangoni, ni watoto wangapi wa Afrika wasingejua kusoma jina la Yesu?

ZOEZI LA MWEZI

1. Kila familia ichague neno moja baya linalotumika nyumbani na kuliacha. Watoto wafundishwe jina la jirani.

2. Wazee wa kanisa wapime mlango, kizingiti na choo, wakiwa pamoja na mtu mwenye ulemavu ili awaonyeshe yeye.

3. Vijana wajenge mteremko kabla ya Meza ya Bwana inayofuata.

4. Mashemasi wawatembelee wote wanaochukuliwa mgao na mtu mwingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Mambo ya Walawi 19:14 inaishia kwa kumcha Mungu?

2. Ziba alimtaja Mefiboshethi kwa namna gani, na Daudi kwa namna gani? Sisi tunafanana na nani?

3. Ni nani kati ya jirani zetu hajaja kanisani kwa miezi mitatu? Ni nini kimemzuia, njia, choo, au maneno yetu?

4. Daudi alikosea wapi katika sura ya 16? Tungefanyaje ili tusikosee hivyo siku ya mgao?

5. Yuko nani kanisani kwetu mwenye karama ambayo hatujaipa nafasi?

SALA

Ee Bwana, uliyetuona tulipokimbia, unamjua kila mmoja aliyeanguka njiani na jina lake. Utusafishe ulimi. Utupe mikono ya kuondoa mawe. Utufanye kanisa ambalo hakuna anayeketi nje ya meza yako. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mchungaji wenu katika Bwana.